Yangjie ni nini? Krismasi na Valentine za Wachina

Ukisikia Wachina wanasema yangjie, wanamaanisha zile sikukuu zilizotoka Magharibi, Krismasi, Valentine, Halloween na wenzake, tofauti na zao za asili kama Mwaka Mpya wa Kichina, Qingming ya kusafisha makaburi na ile ya mbalamwezi ya vuli yenye keki zake.

Sasa Krismasi ya kule kwa wengi dini haimo kabisa. China bara tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kama kawaida (Hong Kong na Macau ndo wanapumzika), kwa hiyo shughuli yote iko jioni ya tarehe 24, vijana wanajazana kwenye mamoli, wanapiga picha na mti, wanapeana tofaa. Ndio, tofaa, moja tu, limefungwa kwenye kiboksi na utepe juu, maana mkesha huo wanauita usiku wa amani na amani ni ping'an, tofaa ni pingguo, basi yakaendana. Ulaya hicho kitu hukikuti, wamejitungia wenyewe.

Wengi wanadhani hizi sikukuu zinagombania nafasi na za asili, mi naona hapana. Mwaka Mpya ni wa ukoo, treni zinajaa, aliyeko Shenzhen kikazi anarudi kwao Sichuan, mkesha mnakula meza moja, wazee wanagawa bahasha nyekundu zenye hela, na kama umri unaenda na huna mchumba mashangazi watakuhoji mpaka utamani kurudi kazini. Valentine haina shangazi! Ni ya wapenzi na washkaji, hamna wajibu wowote, unatoka, unakula, unalala.

Anayezisukuma zaidi ni mfanyabiashara, na huyo habagui. Qixi, ile ya siku ya 7 mwezi wa 7 kwa kalenda yao, yenye hadithi ya mchunga ng'ombe na msichana mfumaji, siku hizi inauzwa kama Valentine ya Kichina, maua yaleyale chokoleti zilezile. Tarehe 11 Novemba ilikuwa utani wa makapera tu, Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, wakaigeuza siku ya ofa mwaka 2009 na mpaka leo watu wananunua kama wamerogwa.

Wapo wanaokereka. Mwaka 2006 wanafunzi 10 wa PhD walitoa waraka wa kuwataka Wachina waikatae Krismasi, 2008 Qingming, Duanwu (sikukuu ya asili ya mashindano ya mitumbwi ya dragoni) na ile ya mbalamwezi zikawa mapumziko rasmi ya taifa, na baadaye baadhi ya shule na miji ikapiga stop mapambo ya Krismasi. Kichekesho ni kwamba mapambo yenyewe sehemu kubwa ya dunia inayapata Yiwu, mkoa wa Zhejiang, mji ambao wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaujua vizuri tu, na viwanda vya pale vinayatengeneza miezi kibao kabla, Desemba ikifika mzigo ulishapanda meli zamani.