Algoriti ni nini? Tuanze na tarakimu ya 15 ya simu yako

Bonyeza *#06# kwenye simu ya mkononi na itajitokeza namba yenye tarakimu 15, ambayo ndiyo IMEI, yaani kitambulisho cha simu yenyewe na si cha laini. Watanzania wengi waliizoea namba hiyo mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia na kila mtu akawa anahakiki ya kwake. Tarakimu 8 za mwanzo hutaja aina ya simu, na 6 zinazofuata huitofautisha na nyingine za aina hiyohiyo. Ya 15 haisemi lolote kuhusu simu. Imewekwa ili kuzikagua zile 14 zilizotangulia, na ukaguzi huo hufanywa kwa algoriti.

Algoriti ni mfululizo wa hatua zilizo wazi na zenye kikomo, ambazo mtu au mashine ikizifuata kwa mpangilio wake hupata jibu la swali la aina fulani bila kubuni chochote njiani. Neno lenyewe limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye kitabu chake kuhusu hesabu za tarakimu za Kihindi kilipotafsiriwa kwa Kilatini, jina lake liliandikwa Algoritmi. Dhana hii basi ni kongwe kuliko kompyuta, na mtoto wa shule anayejumlisha kwa wima huku akibeba moja anatekeleza algoriti bila kujua jina lake. Isichanganywe na programu, ambayo ni hatua hizo zikiwa zimekwisha kuandikwa kwa lugha ya kompyuta.

Algoriti ya IMEI ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyeiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, mwaka 1954, na ndiyo hiyohiyo inayokagua namba za kadi za benki. Tuijaribu kwa namba fupi, 5836. Tukianzia kulia, tarakimu ya kwanza tunaizidisha kwa mbili, ya pili tunaiacha, ya tatu tunaizidisha, ya nne tunaiacha. Jibu la kuzidisha likizidi 9, tunajumlisha tarakimu zake mbili. Hivyo 6 inakuwa 12, na 1 na 2 ni 3. 3 inabaki 3. 8 inakuwa 16, yaani 7. 5 inabaki 5. Jumla ni 18. Ili kufika 20 inatakiwa 2, kwa hiyo namba kamili huandikwa 58362. Karani akiteleza akaandika 58632, jumla yake pamoja na ile 2 ya mwisho ni 26, haiishii na sifuri, na kompyuta inaikataa papo hapo. Tarakimu moja ikikosewa, kosa hunaswa daima. Mbili zilizo jirani zikipishana, hunaswa pia, isipokuwa 0 na 9, kwa sababu 9 mara mbili ni 18, na 1 na 8 hurudi kuwa 9 ileile.

Hata hivyo algoriti hii haijui simu ni kitu gani. Anayetengeneza simu bandia anaweza kukaa na kalamu, akapiga hesabu hiyohiyo na kupata tarakimu sahihi ya mwisho. Swali ililopewa ni iwapo namba imeandikwa bila kosa, na hilo ndilo pekee inalolijibu. Kujua kama namba ni halali hulazimu kuilinganisha na orodha ya namba zilizotolewa.

Ramani ya kwenye simu hupewa swali jingine. Jijini Dar es Salaam, anayetoka Oysterbay kwenda mjini anaweza kupita daraja la Salender au la Tanzanite, na algoriti ya aina aliyoibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956 husonga kutoka makutano hadi makutano, kila mara ikiendeleza njia yenye dakika chache zaidi kufikia hapo, mpaka inafika mwisho wa safari. Foleni ikiongezeka Salender, hatua hazibadiliki; kinachobadilika ni dakika zilizoingizwa.

Mitandao ya kijamii ni habari nyingine kidogo. Swali linalowekwa na wenye mtandao aghalabu ni video ipi itamfanya mtazamaji huyu aendelee kutazama, na uzito wa kila kigezo, yaani kiasi ambacho kila jambo linalozingatiwa huhesabiwa, haukuandikwa na mtu, bali ulipatikana kwa kompyuta kupitia kumbukumbu za mamilioni ya watazamaji na kujirekebisha kidogokidogo. Kila hatua bado ni kuzidisha na kujumlisha tu, lakini namba zinazohusika ni nyingi mno kiasi kwamba hata mhandisi aliyeijenga hawezi kukaa na kalamu, kama tulivyofanya kwa 58362, akakuonyesha kwa nini video hii imetangulia ile.