Lilibeba mashine, basi litabeba watu?

Kila kiwanda cha zamani kikipendekezwa kuwa ukumbi wa jamii, hakosekani wa kusema: "Injinia, jengo hili limebeba mashine miaka yote, litashindwa na watu?"

Jamani, mashine zilikaa wapi? Katika viwanda vingi visivyo na ghorofa, mashine nzito ilikuwa na msingi wake yenyewe, zege lililochimbiwa ardhini na kutengwa na nguzo makusudi, mtikisiko usifike ukutani. Jengo halikuubeba mzigo ule hata siku moja. Leo unataka kuning'iniza spika na mataa kwenye kenchi zilizopigiwa hesabu ya mabati na upepo!

Penye ghorofa, nakubali, sakafu ya ghala huwa imara. Umati uliobanana tunauhesabia takriban kilo 500 kwa mita ya mraba, na magunia yaliyorundikwa hupita hapo kirahisi. Ila gunia halichezi ngoma. Watu wakiruka pamoja, mara mbili hivi kwa sekunde, sakafu ndefu na nyepesi inaweza kuupokea mdundo, mtikisiko ukazidi kukua. Gunia pia halikimbilii mlango moto ukizuka. Milango ya kutokea iwe mingi, ifunguke kwa nje. Hilo halina mjadala.

Kinachoniudhi hasa ni "tutoboe ukuta kidogo tu". Tazama ghala la nafaka la Cape Town, la miaka ya 1920, lililofunguliwa 2017 kuwa makumbusho ya Zeitz MOCAA. Lilikuwa na mabomba 42 ya zege ya kuhifadhia nafaka, yaliyosimama wima. Nafaka husukuma ukuta kwenda nje, na nondo zinazozunguka bomba huubana kama pete za pipa. Ukuta mwembamba ulitosha kwa sababu duara lilikuwa limefunga. Likate, nguvu ile imekwenda. Umebaki na kigae kirefu cha zege. Ndiyo maana walimwaga zege jipya ndani ya mabomba kwanza, likashikamana na la zamani, ndipo misumeno ikaingia. Huo ndio utoboaji "kidogo".

Hesabu zangu nazo msiziabudu. Chuma cha zamani hakina cheti: napeleka vipande vichache maabara, kisha nadhania kilichobaki kinafanana navyo. Nyufa ndizo mbaya zaidi. Nabandika kipimo, nasubiri masika na kiangazi vipite, na bado zipo nisizoweza kuapa kama zimelala au zinatembea. Hapo naongeza nguzo, mteja ananuna.