Sumu ya Shambani Haiishii Shambani: Maswali na Majibu

Nikipiga dawa huwa nafunga kitambaa puani. Hakinitoshi?

Hakitoshi. Wengi hudhani sumu huingia kwa pumzi tu, kumbe kwa mpulizaji njia yake kuu ni ngozi. Mgongo uliolowa kwa bomba linalovuja, suruali iliyopita kwenye majani mabichi, viganja vilivyoshika dawa kabla haijatiwa maji: humo ndimo inamopenya. Ngozi ya kichwa na ya kinena huinyonya upesi kuliko ya viganja. Na kitambaa chenyewe kikilowa, huikalisha sumu usoni kutwa nzima. Afadhali glavu za mpira, buti, miwani na nguo ya mikono mirefu, hasa wakati wa kuchanganya, maana hapo dawa ingali kali.

Kisha kuna nguo ulizovaa, na hili linaniuma kwa sababu wanaoumia hawakukanyaga shambani. Usimbebe mtoto kabla hujaoga na kubadilisha. Nguo hizo zifuliwe peke yake, si kwenye beseni moja na nepi, na anayezifua naye avae glavu.

Nitajuaje kwamba mtu amedhurika?

Dawa za kuua wadudu za kundi liitwalo organofosfati huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva baada ya kufika kwenye misuli na tezi. Ujumbe usipozimwa, amri haikomi: mate na machozi yanachuruzika, jasho linamtoka, mboni za macho zinasinyaa, misuli inachezacheza, kifua kinabana. Mtoe pale, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali mkiwa na lebo ya dawa. Msimtapishe, wala msimpe maziwa kwa imani kwamba yataua sumu. Hospitali wana atropini, dawa inayopinga sumu hiyo.

Parakwati, dawa ya kuua magugu, ni balaa jingine. Haina kiponyi, na funda dogo tu linaweza kuharibu mapafu mpaka mtu akafa siku nyingi baadaye. Katika Umoja wa Ulaya haijaruhusiwa tangu 2007. Kuihamishia kwenye chupa ya soda ni kumtegea mtu kifo.

Mbona nimepuliza miaka mingi na sijaumwa?

Madhara mengine hayaji siku ile ile. Utafiti umehusisha kukaa na baadhi ya viuatilifu kwa muda mrefu na ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha na kukakamaza mwili, na aina kadhaa za saratani; vilevile umehusisha klopirifosi, mojawapo ya organofosfati, na kudhoofika kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kutoumwa leo hakukuhakikishii kitu.

Kisima chetu kiko chini ya mashamba yanayotiwa mbolea nyingi ya viwandani. Tukichemsha maji yatafaa?

Kwa vijidudu, ndiyo. Kwa nitrati, la. Nitrati hutokana na mbolea ya nitrojeni ambayo mmea haukuitumia. Haina rangi, harufu wala ladha. Ukichemsha, maji hupungua nayo hubaki, kwa hiyo huzidi kukolea. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zikageuka buluu. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita. Pimeni maji, na mtoto atafutiwe mengine.

Mbolea hiyo hiyo ikifika ziwani hustawisha mwani, nao ukioza humaliza oksijeni na samaki hufa.

Nikipunguza dawa, wadudu si watamaliza mazao?

Wakulima wa mpunga wa Indonesia waliona kinyume chake. Kidudu cha kahawia kinachofyonza mpunga kilizidi kadiri walivyopuliza, kwani dawa iliua buibui waliokuwa wakikila, huku mayai yake yakisalimika ndani ya mmea. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku dawa 57 kwenye mpunga, na wakulima wakafundishwa kuhesabu wadudu pamoja na maadui wao kabla ya kuamua kupuliza. Mavuno hayakuanguka. Wewe nawe anza hapo: pita shambani kila wiki, geuza majani, angalia nani anamla nani, na bomba liguswe pale tu waharibifu wanapowazidi nguvu maadui wao.