Mfuko wa kiunoni: vazi lililofichwa chini ya gauni

Katika orodha ya nguo za mwanamke wa makoloni ya Uingereza huko Amerika, karne ya 18, unaweza kukuta "jozi ya mifuko" imeandikwa peke yake, kama inavyoandikwa jozi ya soksi. Mfuko wa wakati huo haukushonwa kwenye gauni. Ulikuwa vazi linalojitegemea, lenye utepe wake, na mwanamke aliufunga kiunoni asubuhi kabla ya kuvaa gauni.

Bila kujua mpangilio wa nguo, mfuko huu haueleweki. Kwanza ilivaliwa shumizi ya kitani, nguo iliyogusa mwili na iliyofuliwa kuliko zote. Juu yake lilikuja vazi gumu la kubana kiwiliwili, lililotiwa vipande vya ule utando mgumu wa kinywani mwa nyangumi na kukazwa kwa kamba. Wengi hudhani vazi hilo lilikuwa la mabibi wa majumba makubwa tu. Wanawake wa kazi nao walilivaa, wakapika na kuchota maji nalo. Kisha magagulo, na mwisho gauni, ambalo mara nyingi lilikuwa wazi mbele na kufungwa kwa pini. Mifuko ilining'inia ndani, mmoja kila upande wa nyonga. Gauni na gagulo la juu vilikuwa na mpasuo pembeni ili mkono upite.

Mfuko wenyewe ulikuwa na umbo la kibuyu kilichobapa: mwembamba juu, mpana chini, wenye nafasi ya kumeza kiganja na kifundo cha mkono. Mdomo wake ulikuwa mpasuo wa wima, uliozungushiwa utepe usichanike, maana hapo ndipo mkono ulipokwaruza siku nzima. Mingine ilishonwa kwa viraka vya nguo kuukuu. Mingine ilitariziwa maua na majani kwa nyuzi za sufu, kazi ya jioni nyingi. Hilo hunigusa kila nikilifikiria, kwa sababu maua hayo mtu wa nje hakuyaona. Mwenye mfuko aliyatarizi kwa ajili yake mwenyewe.

Ndani mlikuwa na kastabini, mkasi, sindano, funguo za makabati, barua, sarafu, pengine kipande cha mkate. Na pini, ambazo leo tunazidharau. Juni 1775, vita na Uingereza vikiwa vimeanza, Abigail Adams aliyekuwa Massachusetts alimwandikia mumewe John, ambaye baadaye alikuwa rais wa pili wa Marekani, huko Philadelphia amnunulie fungu la pini. Fungu lilikuwa na pini 6,000, na zamani alilipata kwa dola moja. Sasa bei ilikuwa imepanda vibaya na pini zenyewe hazipatikani. Bila pini, gauni la mbele wazi halikufungika.

Umuhimu wa mfuko huu unaonekana zaidi ukiangalia sheria. Makoloni yalifuata sheria ya Kiingereza, na kwa sheria hiyo mwanamke akishaolewa, fedha zake na vitu vyake vinavyohamishika vilikuwa mali ya mume. Hata mshahara aliochuma ulikuwa wa mume. Chumba cha peke yake wengi hawakuwa nacho, wala kasha lisilofunguliwa na mwingine. Mfuko ulikuwa karibu mahali pekee ambapo mkono wake tu ndio ulioingia. Aliyewahi kumwona bibi yake akifungua pindo la kanga ili atoe noti iliyokunjwa mara nne hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa mwanamke aliyekuwa mtumwa hali ilikuwa ngumu kupita hiyo: yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali, na nguo alizopewa zilikuwa za kitani kigumu cha bei ya chini. Chochote alichokificha kiunoni, sheria ilikiona ni cha bwana.

Mwishoni mwa karne hiyo, makoloni yakiwa yameshakuwa nchi huru, magauni yakawa membamba na kiuno kikapanda hadi chini ya matiti. Mfuko uliojaa ungetokeza kama uvimbe pajani, kwa hiyo waliofuata mitindo wakaanza kubeba kijimfuko mkononi. Wanawake wengi wa makamo hawakukubali, wakaendelea kufunga mifuko yao ileile chini ya gauni kwa miaka mingi.