Vidole Vikiganda Jukwaani: Maswali ya Wanamuziki Kuhusu Hofu ya Shoo

Mimi ni nesi, na jioni hupiga fidla katika kikundi cha taarab hapa Unguja. Ndiyo maana wenzangu huniuliza mambo haya nyuma ya jukwaa, kwa sauti ya chini, wakati kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inafungwa nyuzi.

Chumbani napiga bila kosa. Nikipanda jukwaani vidole vinaganda. Nimelogwa?

Hujalogwa. Ubongo ukiona macho mengi yanakutazama, huyachukulia kama hatari, na mwili hauna namna mbili za kujibu hatari: mbwa mkali na ukumbi uliojaa ni kitu kimoja kwake. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, na damu inapunguzwa kwenye ngozi na vidole ili iende kwenye misuli mikubwa ya kukimbilia. Kwa hiyo mikono inakuwa baridi na kutetemeka. Mate nayo yanakauka.

Kila mmoja huumia palepale anapofanyia kazi. Mpiga nai, ile filimbi ya taarab, anakosa midomo yenye unyevu, mwimbaji anaishiwa pumzi katikati ya mstari, na sisi wa fidla uta unarukaruka kwenye waya ile noti ndefu ya polepole inapofika. Mpiga ngoma ya dumbaki anatetemeka vilevile, ila kwake haionekani sana. Yeye balaa lake ni kukimbiza mdundo.

Kutetemeka huko hakusemi lolote kuhusu kipaji chako.

Wakongwe nao wanaogopa?

Wengi, tena hadi uzeeni. Pablo Casals, bingwa wa selo (ndugu mkubwa wa fidla) kutoka Uhispania, alisumbuliwa na hofu hii maisha yake yote. Mwaka 1901 alipanda mlima Tamalpais huko California, jiwe likaporomoka na kumponda vidole vya mkono wa kushoto. Alisimulia baadaye kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kumshukuru Mungu, kwani hatalazimika kupiga selo tena! Mkono ulipona, naye akaendelea kupiga kwa miongo mingi. Mwimbaji wa Marekani Barbra Streisand alisahau maneno ya wimbo mbele ya umati mkubwa pale Central Park, New York, mwaka 1967, na mwenyewe ameeleza kuwa kisa kile kilimfanya ayakimbie majukwaa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo anayekuahidi kwamba hofu itaisha kabisa, msikilize kwa sikio moja.

Basi nifanye mazoezi zaidi?

Ndiyo, ila si ya aina ileile. Wengi wetu tunarudia wimbo mara hamsini chumbani, mlango umefungwa, tukikosea tunaanza upya. Hapo tumejifunza kupiga tukiwa tumetulia, na tumejifunza kusimama kila tunapokosea. Jukwaani havipo vyote viwili: utulivu haupo, na ruhusa ya kuanza upya haipo.

Fanyia mazoezi hofu yenyewe. Panda na kushuka ngazi mpaka moyo udunde, kisha shika ala na upige hapohapo, bila kupumzika. Waite majirani wawili barazani uwapigie wimbo mzima. Siku nyingine weka simu irekodi, na ujiwekee sharti: unapiga mara moja tu. Ukikosea, unaendelea. Vaa nguo na viatu vya shoo mara moja kabla ya siku yenyewe. Nimemwona dada mmoja akihangaika na joho usiku kucha kuliko na wimbo.

Kitu kingine: uwe na vituo ndani ya wimbo. Jifunze kuanzia ubeti wa pili, kuanzia kiitikio, kuanzia pale fidla zinapoingia. Mtu aliyeujua wimbo kwa kuanzia mwanzo tu, akipotea katikati hana pa kushika.

Na zile dakika kumi za mwisho?

Pasha mikono joto. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Vuta pumzi kupitia puani taratibu, kisha itoe polepole kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta, na rudia kwa dakika mbili tatu. Ule utoaji mrefu ndio unaopunguza mbio za moyo. Kahawa iache mpaka baada ya shoo.

Usijilazimishe kutulia. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ambamo watu waliimba huku mashine ikipima usahihi wao. Waliosema kwanza kwamba wana hamu waliimba vizuri kuliko waliosema wana wasiwasi. Moyo unaodunda kwa hamu na unaodunda kwa woga hudunda vilevile, kwa hiyo kuuita hamu ni rahisi kuliko kuuzima.

Nikisifiwa nahisi wananionea huruma. Najiona tapeli, siku moja nitaumbuka.

Hisia hiyo ilielezwa na wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes mwaka 1978, na huwapata hasa watu wanaofanya vizuri. Shida yake ni kwamba sifa haiingii: ukipongezwa unasema ni bahati, ukikosolewa unasema hapo sasa ndipo ukweli.

Dawa yake si kujisemea kwamba wewe ni hodari. Sikiliza rekodi yako wiki moja baadaye, hofu ikiwa imepoa, kama unamsikiliza mtu mwingine. Mwalimu wako usimuulize, "Nilikuwaje?" Muulize, "Ubeti wa tatu niliingia kwa wakati?" Pengine atasema hapana. Sawa, sasa una ubeti mmoja wa kurekebisha, na hilo ni jambo dogo mno kuliko kuwa tapeli.

Wenzangu hunywa kidogo kuondoa aibu. Wengine wana vidonge.

Pombe inaondoa aibu na inaondoa masikio pia: unajisikia umepiga vizuri, rekodi inasema mengine. Mirungi inazidisha mapigo ya moyo, ambayo ndiyo unayoyalalamikia.

Vidonge vinavyozungumzwa aghalabu ni propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu inayozuia adrenalini isifanye kazi yake. Si jambo geni: katika uchunguzi wa mwaka 1987 kwa wanamuziki wa okestra za Marekani, asilimia 27 walisema wamewahi kutumia dawa za kundi hilo. Mtetemeko hupungua kweli. Lakini mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya, mwenye kisukari anaweza asihisi sukari ikishuka, na mwenye mapigo ya polepole anaweza kuzirai. Usipokee kidonge cha rafiki nyuma ya jukwaa. Uandikiwe na daktari, na ukijaribu siku isiyo ya shoo.

Ni lini nimwone mtaalamu?

Unapoanza kukataa mialiko, usingizi unapopotea wiki nzima kabla ya shoo, au usipoweza kupanda bila kunywa. Kuna tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mazoea, nayo huwasaidia wengi wenye hofu hii. Hospitali za Muhimbili ya Dar es Salaam, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu hapa Unguja zina huduma za afya ya akili, na kwenda huko si kutangaza wazimu. Ukifikiria kujidhuru, au ukipata maumivu ya kifua, usisubiri: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na maneno yakinitoka katikati ya wimbo?

Rudia mstari uliotoka kuimba. Katika taarab mistari hurudiwarudiwa hata hivyo, na anayekuja kutunza hatajua. Mwangalie mpiga kodiani. Mpatane naye mapema kwamba ukimtazama, atajaza.