Kidonge cha kiwandani nacho kimetoka msituni

"Misitu ikikatwa, shida iko wapi? Dawa siku hizi zinatoka kiwandani." Kauli hii naisikia mara kwa mara, na inaniuma kwa sababu si kweli.

Chukua mti wa muiri, kama Wakikuyu wanavyouita. Kisayansi ni Prunus africana. Huota kwenye misitu ya milimani, Kameruni, Kenya, Tanzania hadi Madagaska. Ukifikicha jani lake, harufu ya lozi inakujia. Gome lake ndilo malighafi ya vidonge vya kuvimba kwa tezi dume vinavyouzwa Ulaya. Kiwanda husaga gome na kukamua dawa iliyomo, basi. Hakiumbi kitu.

Sasa tazama namna gome linavyochunwa. Likibanduliwa upande mmoja kwa uangalifu, mti unaweza kupona. Likichunwa kuzunguka shina zima, chakula kutoka majanini hakishuki tena mizizini, na mti unakauka ukiwa umesimama wima. Uvunaji wa pupa ulifika mahali biashara yake ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 1995, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasitisha kununua gome la Kameruni.

Kupanda upya kunasaidia, lakini muiri unataka zaidi ya miaka 10 kabla ya kuvunwa.

Hata dawa mseto ya malaria unayopewa zahanati: artemisinini, kemikali inayotengenezewa kiambato chake kikuu, hutoka, kwa sehemu kubwa, kwenye majani ya mmea wa pakanga yaliyokaushwa juani.