Je, wajua kwa nini koleo la kuzalishia lilifichwa zaidi ya miaka 100?

Mtoto akikwama njiani na mama ameishiwa nguvu za kusukuma, daktari anaweza kutumia koleo la kuzalishia. Ni vyuma viwili vilivyopinda kama vijiko vikubwa, vyenye uwazi katikati. Huingizwa kimoja kimoja, hiki kushoto, kile kulia, mpaka vikikumbatie kichwa cha mtoto. Ndipo mipini hufungamanishwa. Uchungu ukija, mama anasukuma na daktari anavuta taratibu. Ujanja wote uko katika kutenganika huko, maana koleo lisiloachana lisingepata pa kupanukia mle ndani.

Anayeaminika kulibuni ni Peter Chamberlen, wa familia ya Kiprotestanti iliyokimbia Ufaransa na kuhamia Uingereza mwaka 1569. Zama hizo mtoto aliyekwama alitolewa kwa ndoana, vipande vipande, ili angalau mama apone. Sasa kikapatikana chombo cha kumtoa akiwa hai, nacho kikafanywa siri ya ukoo! Husimuliwa kwamba walifika kwa mzazi na sanduku kubwa lenye nakshi za dhahabu, likibebwa na watu wawili. Ndugu walitolewa nje, mlango ukafungwa, na mama mwenyewe akafungwa kitambaa machoni.

Sababu ilikuwa pesa. Aliyekuwa nalo peke yake aliitwa na matajiri, hata na malkia.

Mwaka 1670 Hugh Chamberlen alikwenda Paris kuiuza siri hiyo. Daktari François Mauriceau akampa mtihani: mwanamke ambaye nyonga yake ilikuwa imepinda vibaya. Hugh alihangaika saa tatu, akashindwa. Mama akafa, na mtoto pia. Inaniuma kwamba mama yule alifanywa kipimo cha bidhaa. Koleo halipanui nyonga. Hufaa pale tu mlango wa kizazi umefunguka wote na kichwa kimeshuka vya kutosha. Leo mama huyo angefanyiwa upasuaji.

Miaka ya 1730 ndipo chombo kilipoanza kuelezwa hadharani, na waganga wengine wakakiboresha. Wangapi walikufa kwa kukikosa kabla ya hapo!

Mwaka 1813, huko Woodham Mortimer, Essex, katika nyumba aliyowahi kuishi mmoja wa ukoo huo, mbao za sakafu ya chumba cha darini zilifunuliwa. Chini yake palikuwa na makoleo, barua, na jino lililofungwa kwenye karatasi yenye maandishi: jino la mwisho la mume wangu.